King'ora Ambacho Sikukisikia

Mimi ni mziwanda wa nyumba moja ya Kihonda, Morogoro, nimezaliwa mwaka 1997. Nautaja mwaka mapema, ndugu msomaji, ili usije ukanidhania mtu wa makamo kwa haya nitakayoyasema. Baba alipunguzwa kazi kiwandani mwaka 1996. Kwa hiyo kile king'ora kilichokuwa kikiwaamsha kaka zangu alfajiri, kile ambacho mama alikuwa akikitegea kuinjika chai, mimi sikuwahi kukisikia hata siku moja. Nilikipata kwa kuhadithiwa tu, kama watoto wenzangu walivyohadithiwa habari za sungura na fisi.

Pale nyumbani miaka haikuhesabiwa kwa kalenda. Kulikuwa na "enzi za king'ora" na kulikuwa na "baada". Enzi za king'ora kuku alichinjwa kila mwisho wa mwezi, baba alicheza beki katika timu ya kiwanda, na mtu akitaka kukopa dukani alitaja tu namba yake ya kazi. Baada ndiyo yangu mimi. Baada ni genge la nyanya la mama mbele ya nyumba. Ni kaka yangu mkubwa kuacha shule akiwa kidato cha pili. Ni baba kukaa barazani asubuhi, amevaa shati lililonyooshwa pasi, na hana anakokwenda.

Halafu dingi anaongea kwa kelele. Nilipokuwa mdogo, rafiki zangu wakija nyumbani walidhani anagombana na watu. Nilikuwa naona aibu, nawaambia, "Ndivyo alivyo." Sikujua kwamba alikaa miaka 15 katika ukumbi wa kufumia, mitambo mamia inagonga kwa pamoja, na kwamba wafumaji wengi dunia nzima huondoka kazini masikio yameshakufa nusu. Humo ndani, anasema, maneno hayakuwa na faida. Walizungumza kwa vidole na kwa kusomana midomo. Hadi leo ukimgeuzia mgongo ukiongea naye, atakuitikia "ndiyo, ndiyo", lakini hajakusikia.

Nieleze kidogo kuhusu mahali penyewe, maana wengine mnaijua Morogoro kwa stendi ya Msamvu tu, basi linasimama, mnanunua maji na korosho, safari inaendelea. Sisi tunauita Mji Kasoro Bahari, yaani umejaliwa kila kitu isipokuwa pwani. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 mji huu ulipangiwa uwe wa viwanda. Vikajengwa vya nguo, vya maturubai, vya ngozi, vya viatu. Watu wakaja kutoka kila upande wa nchi, Waluguru wa milimani wakajikuta wanapanga foleni ya mshahara na Wahaya, Wanyakyusa na Wamakonde.

Kiwanda cha viatu ndicho kinachotajwa zaidi, kimeingia hata kwenye vitabu vya wachumi wa Marekani. Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikapangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo huo. Mwaka 1990 kikasimama kabisa. Vingine vilikwenda mbele kidogo, kisha navyo vikachechemea: fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikuwapo, umeme unakatika, na baada ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikamiminika. Shati la mtumba likawa rahisi kuliko kitambaa chetu kabla hakijashonwa. Ilipofika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kupigwa mnada mmoja baada ya mwingine, na neno "kupunguzwa" likawa neno la kila nyumba.

Sisemi kwamba Kihonda yote imekufa. Viwanda vimebaki, vingine vimebadili wenyewe na vinaendelea na kazi, na watu wanaingia zamu. Ninayoisema ni ile sehemu iliyobaki nyuma: kuta ndefu, mageti yenye minyororo, na wazee wanaoishi ng'ambo ya ukuta.

Mimi kazi yangu mjini Dar es Salaam ni kupiga video za harusi. Sendofu, kicheni pati, ubarikio, hata misiba watu wanaita. Kamera ni ya bosi. Kazi hii inakufundisha jambo moja haraka sana, kwamba mtu anakulipa ili umwonyeshe anavyotaka kuonekana. Shangazi akilia vibaya, unakata. Bwana harusi akisinzia, unakata. Nilikuwa nimeizoea, sikuwa na neno.

Sasa kuna mshikaji wangu mmoja, tulisoma wote sekondari, ambaye ana ugonjwa wa filamu za hali halisi. Siku moja akaniletea flashi. Akasema, "Humu kuna filamu ya saa tisa. Usiogope." Nikamcheka. Saa tisa ni safari ndefu ya basi, tena na kupumzika!

Filamu yenyewe inaitwa *Tie Xi Qu*. Aliyeipiga ni Wang Bing, Mchina aliyezaliwa mwaka 1967, na ilikamilika mwaka 2003. Tiexi ni wilaya ya viwanda katika mji wa Shenyang, kaskazini mashariki mwa China. Viwanda vyake vilianza miaka ya 1930, wakati Wajapani walipoikalia sehemu ile, na baada ya mwaka 1949 vikawa vya serikali ya kikomunisti, vikaajiri watu kwa malaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikawa vinafungwa kimoja kimoja. Wang Bing akakodi kamera ndogo ya dijitali, akaingia, na kuanzia mwaka 1999 hadi 2001 akawa anakaa tu na wale watu.

Tuliitazama kwa Jumapili tatu. Inaanza na treni ya mizigo inayokwenda polepole kati ya viwanda, theluji imeshika kioo cha kamera, na hakuna sauti ya msimulizi anayekwambia hiki ni nini wala umhurumie nani. Sehemu ya kwanza ni viwandani. Wafanyakazi wako kwenye chumba chao cha mapumziko, wanacheza karata, wanagombana, wanakwenda kuoga, wanarudi kwenye tanuru la shaba. Habari ya kufungwa inawakuta humo humo, katikati ya maongezi ya kawaida, kama mtu anavyopita kusema mvua inakuja. Sehemu ya pili ni mtaa wao, vijana wa miaka 17 na 18 wanazuga dukani, huku wazazi wanaambiwa wahame, nyumba zitabomolewa. Sehemu ya tatu ni reli, na kuna baba na mwanawe wanaoishi kandokando yake kwa kuokota makaa ya mawe. Baba anakamatwa. Mtoto anabaki peke yake chumbani, anatoa picha za familia kutoka kwenye mfuko wa plastiki, anazitazama, anaanza kulia. Na kamera ipo.

Pale nilisimamisha. Nikamwambia mshikaji, "Huyu jamaa kwa nini hakuzima?" Akanijibu, "Angezima ungemjua vipi huyu dogo?" Tulibishana hadi usiku wa manane. Nilikuwa namwona yule kijana wa Shenyang, lakini kichwani nilikuwa naona baraza la kwetu na shati lililopigwa pasi. Nikaamua. Tutakwenda Kihonda.

Ilikuwa mwaka 2024, mwaka ule treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro. Tuliondoka na kamera tuliyoikodi kwa hela ya harusi mbili. Dirishani mashamba yanapita mbio, na mimi nimejaa kichwa: nitapiga kuta, nitapiga kutu, nitapiga ukimya. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika maneno makubwa makubwa, hata nikiyasoma leo nacheka.

Kupata ruhusa ya kuingia kulituchosha. Kuna ofisi moja tulizungushwa kwa siku sita, njoo kesho, mwenye mhuri amesafiri. Mwisho tukaruhusiwa kupiga siku mbili, tukiongozana na mlinzi. Tulipiga kila kitu. Mabati yaliyotoboka yakitoa mistari ya jua. Popo. Mkuyu ulioota katikati ya sakafu. Ubao wa matangazo wenye karatasi moja iliyobabuka. Mshikaji alikuwa anatetemeka kwa furaha, anasema, "Hii ni picha, aisee, hii ni picha!" Kweli zilikuwa nzuri. Tukaenda Dar, tukaediti, tukapata dakika 18, tukaweka na muziki wa huzuni.

Halafu nikafanya jambo ambalo sasa nashukuru nililifanya mapema. Niliirudisha Kihonda, nikawaalika wazee saba waliofanya kazi na baba. Mama alipika chai na maandazi. Tukaiweka kwenye televisheni ya sebuleni.

Walitazama kimya. Walipoonekana popo, mzee mmoja aliyekuwa fundi umeme akauliza, "Hawa nani kawaajiri?" Wakacheka wote. Baada ya pale hawakucheka tena. Dakika 18 zikaisha. Mmoja wao, ambaye kila mtu mtaani anamwita Msimamizi kwa sababu alikuwa msimamizi wa zamu, akaweka kikombe chini.

"Kijana wetu," akasema, "umefanya kazi. Lakini hapa umetuonyesha maiti. Marehemu alipokuwa hai alikuwaje, mbona husemi?"

Mwingine akadakia, "Mimi nimekaa mle miaka 12. Sijajiona."

"Mle hatujakufa sisi," akasema fundi umeme. "Sisi tupo hapa tunakunywa chai."

Nikajitetea, nikaanza kueleza habari za sanaa, za ukimya unaoongea. Msomaji, jaribu siku moja kumweleza mtu aliyekaa miaka 15 kwenye kelele kwamba ukimya unaongea. Mama akaniokoa kwa kumimina chai, lakini naye akanichoma: "Tena mimi sionekani kabisa. Kiwanda kilipofungwa ndipo kazi yangu ilipofunguliwa. Nani alikusomesha wewe, popo?"

Baba hakusema kitu. Wageni walipoondoka aliniita. Akaomba uzi kwa mama, uzi wa kushonea wa kawaida. Akaukata kwa meno. Akashika ncha mbili kwa mkono wa kushoto, vidole vikafanya kitu ambacho sikukiona, akanipa. Uzi ulikuwa umeunganika. Fundo lenyewe dogo kama chembe ya mchele, hata ukilipitisha kwenye kucha halikwami sana.

"Uzi ukikatika mtambo unasimama," akasema kwa kelele yake ile. "Mimi nilikuwa na mitambo minane. Mmoja ukisimama unakimbia, unafunga, unauwasha, tayari mwingine umesimama. Hili fundo likiwa kubwa litakatika tena, likiwa dogo litafumuka. Sasa wewe umekwenda kupiga picha mabati."

Aliniambia nilijaribu. Nilijaribu mara thelathini na kitu. Sikuweza.

Usiku ule nilifikiria sana. Mojawapo ya filamu maarufu za mwanzo, ile ya ndugu Lumière ya mwaka 1895, ni ya wafanyakazi wakitoka kiwandani huko Lyon, Ufaransa. Haifiki hata dakika moja. Geti linafunguliwa, wanawake kwa wanaume wanatoka, geti limekwisha. Miaka 100 baadaye, mwaka 1995, Mjerumani Harun Farocki alikusanya picha za namna hiyo kutoka filamu mbalimbali akaonyesha kwamba kamera tangu siku ile imekuwa ikipenda kubaki getini, na kazi yenyewe iliyo ndani haionekani sana. Nikajiona. Mimi nilijidhania nimeingia ndani kwa kuwa nilipewa mlinzi na siku mbili, kumbe nilikuwa bado nje. Wang Bing aliwakuta watu wake tanuru likiwa bado lina moto. Mimi nimechelewa karibu miaka 30. Kazi ya baba imetoka kwenye lile jengo siku nyingi, imehamia kwenye vidole vyake, na vidole vilikuwa mezani kwetu kila siku vikila ugali.

Basi tukaanza upya. Safari hii nilikwenda peke yangu, nikakaa wiki tatu. Wiki ya kwanza sikupiga kitu, kamera niliiweka tu juu ya meza mpaka watu wakaizoea kama redio. Nilimpiga mama akipanga nyanya mafungu. Nilimpiga Msimamizi anayeamka hadi leo saa kumi na moja kasoro bila saa. Nilimpiga baba akiwafundisha watoto wa jirani lile fundo. Msichana wa miaka tisa alilipata siku ya pili, akanicheka.

Wiki ya tatu, usiku, umeme umekatika, tumekaa na taa ya kuchaji. Baba alikuwa anasimulia siku ya mwisho. Hakuna aliyewapigia hotuba. Walipanga foleni, wakasaini, wakaambiwa kiinua mgongo kitafuata. Kilifuata baada ya miaka, nusu yake. Halafu akasimama, akaingia chumbani, nikasikia kasha linafunguliwa. Akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Akafungua. Kilikuwa kile kibao kinachobeba uzi na kuruka huku na huku kwenye mtambo wa kufuma, kimechongoka pande zote mbili, kina ncha za chuma. Kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Zima hiyo," akasema.

Nikapeleka mkono kwenye kamera. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Sikuzima. Niliifunika taa kwa kidole gumba.

Basi baba, akidhani tuko wawili tu, akaniambia kwamba siku ile alikiiba. Alikitia ndani ya shati akapita nacho getini, na mlinzi aliyemkagua alikuwa rafiki yake, akapapasa, akakigusa, akamwangalia usoni, akamwacha. Kwa nini alikichukua hajui. Hakikuwa na kazi yoyote nyumbani. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mama. Yeye ndiye mtu aliyetuchapa tulipookota maembe ya jirani, anatuambia, "Katika nyumba hii hakuna mwizi." Alikuwa anaeleza haya huku machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia anaongea kwa sauti ndogo.

Nilirudi Dar na dakika 11 za wizi wangu. Mshikaji alipoziona alinyamaza, kisha akasema, "Hii ndiyo filamu yenyewe. Yote mengine tupa." Alisema kweli. Ndizo zilikuwa dakika nzuri kuliko zote tulizonazo. Nilikumbuka ubishi wetu juu ya yule kijana wa Shenyang, sasa mimi ndiye niliyekuwa upande wa kamera. Nilijiambia baba ni mzee, hataona tamasha lolote, ataonyeshwa mbali huko kwa watu wasiomjua. Nilijiambia sanaa ina bei yake. Kwa wiki mbili nilikuwa naota kidole gumba.

Mwisho nikapanda treni. Nikamkuta barazani, shati limenyooshwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona ghafla?"

Nikamweleza yote. Nilikaa mbele yake ili aone midomo yangu, maana sikutaka kurudia mara mbili. Alinyamaza kwa muda.

"Ulifunika taa?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Akatazama barabarani. "Basi nyumba hii ina wezi wawili," akasema. Kisha: "Mimi wangu nimekaa nao karibu miaka thelathini. Wewe wako umekushinda kwa wiki mbili. Afadhali wewe."

Nilimpa kamera, nikamwonyesha kitufe cha kufuta. Hakukibonyeza. Akaniambia atafikiri, na kwamba hadi amalize kufikiri zile picha zibaki hapo kwake. Nikamwachia kadi, nikaondoka mikono mitupu. Mshikaji alinuna mwezi mzima.

Baada ya mwezi na nusu baba alinipigia simu, kelele hadi nikasogeza sikio. "Njoo na kamera." Nilipofika, wale wazee walikuwa sebuleni. Kumbe alikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, na kile kibao ndani ya kanga, akawasimulia mwenyewe. Na wao, mmoja baada ya mwingine, wakaingia vyumbani mwao. Fundi umeme alikuwa na bisibisi yenye namba ya kiwanda. Msimamizi alikuwa na kadi zake za mahudhurio za mwaka mzima, zimefungwa kwa mpira. Mwingine alikuwa na gololi mbili tu za chuma, za mtambo gani hata yeye amesahau. Waliviweka mezani kwetu, kati ya vikombe vya chai, wakawa wanataniana nani mwizi mkubwa. Mmoja wao alikataa kupigwa picha. Alisema alichonacho ni chake na Mungu wake. Tukamwekea kiti upande wa pili wa kamera, na alikaa hapo hadi mwisho, anaingilia maongezi ya wenzake. Kwenye filamu sauti yake inasikika, sura haionekani, na mimi hiyo napenda hivyo.

Zile dakika 11 baba alizifuta mwenyewe. Habari ile aliisimulia upya mbele ya wenzake, taa nyekundu ikiwa wazi. Haikuwa nzuri kama ile ya usiku, sitawadanganya. Hakulia, na sauti ilikuwa kubwa kama kawaida. Mshikaji hadi leo anasema tulipoteza almasi. Labda. Mimi najua kwamba ile ya usiku ilikuwa mali niliyopita nayo getini, na hii nimepewa mkononi.

Nawaandikia haya ninyi wenzangu mnaoandika, kwa sababu najua wengi wetu tumetoka kwenye nyumba za "baada". Tunashika kalamu na moja kwa moja tunakimbilia kutu, popo na mabati, kwa kuwa vinaonekana kishairi na havitujibu. Wenye habari wako hai, wanakunywa chai, na watatubishia. Tuwape nafasi ya kutubishia kabla ya kuchapa.

Filamu ina dakika 41 sasa. Tumeionyesha mara mbili, mara moja Kihonda kwenye ukuta wa baa, mara moja Dar kwa washikaji. Kuna kitu kimoja kimekosekana. Nilitaka ianze na kile king'ora, nikatafuta mtu mwenye kanda ya zamani iliyokirekodi. Hakuna. Nani angerekodi king'ora kilichokuwa kinalia kila siku?

Siku ile ya mezani niliwauliza wazee kilikuwa kinalia vipi. Fundi umeme akaweka mikono mdomoni akalia, "Uuuuu!" Msimamizi akamkatiza, siyo hivyo, kilianza chini kikapanda. Akalia wake. Baba akasema wote hamjui, kilikuwa na mkwaruzo kidogo katikati, na yeye akalia. Wakaanza kubishana, wazee wa miaka 70, kila mmoja anapiga king'ora chake, hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na majirani wakachungulia.

"Ninyi wote mlikuwa mnatoka mbio," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakisikiliza." Akafuta mikono kwenye kanga, akakilia.

Wakanyamaza wote. Msimamizi akasema, "Hicho."

Ndivyo filamu inavyoanza.